Kubadilishana lugha na mgeni: namna ya kumfundisha ya kwako huku ukijifunza ya kwake

Jioni moja mwenzangu Mjapani, niliyekuwa namfundisha Kiswahili naye akinifundisha Kijapani, aliniuliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria: "Kwa nini mnasema 'mtoto wangu' lakini 'rafiki yangu'?" Kiswahili nimekisema tangu nilipojua kusema, na jibu sikuwa nalo. Nikabuni moja papo hapo. Nikamwambia jina la mtu au mnyama lenye m- mwanzoni, ile inayogeuka wa- kwenye wingi, huchukua "wangu", na lisilo nayo huchukua "yangu". Akashukuru, akaandika. Wiki iliyofuata akanisimulia habari za "mbwa yangu" na "daktari yangu", na masikio yangu yakakataa yote mawili.

Siku hiyo ndipo nilipoanza kujifunza kazi hii. Mwongozo huu ni kwa yeyote aliye katika hali kama yangu: una lugha yako, unaitaka ya mwenzako, hukusomea ualimu, naye hali kadhalika. Njia yenyewe ina miaka mingi. Katika mikutano ya vijana wa Ujerumani na Ufaransa miaka ya 1960 ilikuja kuitwa tandemu, kama ile baiskeli ya watu wawili, kwa sababu kila mmoja anakanyaga pedali zake na wote wawili wanasogea.

Kuna jambo moja ambalo wengi huliacha lipite bure. Mwenzako anapokosea katika lugha yako, mara nyingi kosa lile limetoka kwenye lugha yake. Ukilisoma vizuri, unapata somo la lugha unayoitafuta, tena kwa mifano ambayo kitabu kisingekupa. Hatua zote zinazofuata zinaelekea huko.

Hatua ya 1: Jua unachokitaka, kisha tafuta mtu

Anza na hesabu ya muda, maana wengi hukata tamaa kwa kutoijua. Foreign Service Institute, chuo kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani, kwa miaka mingi kilikadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji kati ya saa 600 na 750 za darasani ili aifanyie kazi lugha kama Kifaransa, takriban saa 900 kwa Kiswahili, na takriban 2,200 kwa Kiarabu, Kichina, Kijapani au Kikorea. Mkikutana saa mbili kwa wiki, saa moja kwa kila lugha, saa 900 zitachukua zaidi ya miaka kumi na saba. Kwa hiyo kubadilishana lugha pekee hakutoshi. Utasoma peke yako, utasikiliza peke yako, na kikao na mwenzako kitakuwa pale unapoyapima uliyoyasoma mbele ya mtu aliyezaliwa nayo.

Andika lengo lako kwa kitenzi. "Nataka kujua Kichina" haikusaidii kitu. "Nataka kueleza kazi yangu kwa dakika tano bila kusoma popote" inakupa cha kufanya kesho. Baraza la Ulaya lilichapisha mwaka 2001 mfumo wa ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2, na kila ngazi imeelezwa kwa sentensi za "naweza": naweza kujitambulisha, naweza kufuata mazungumzo kuhusu jambo ninalolijua. Zisome, weka alama ulipo, na mwenzako afanye vilevile.

Katika kumchagua mtu, ufundi wa kufundisha ni jambo la mwisho. Angalia kama anafika kwa wakati, kama ana subira ya kusikiliza sentensi iliyovunjika hadi mwisho, na kama mna jambo la kuongea lisilohusu lugha. Wawili wanaopenda mpira, ushonaji au siasa watakuwa na mazungumzo mwezi wa sita. Wawili wanaopenda "lugha" tu huishiwa baada ya wiki tatu. Muhimu pia mmoja wenu awe anajikongoja katika lugha ya mwenzake, au muwe na lugha ya tatu ya kuwaokoa. Wawili wanaoanza kutoka sifuri pande zote watachoka haraka.

Hatua ya 2: Wekeni masharti kabla ya somo la kwanza

Gawaneni muda kwa saa, nusu kwa nusu, na mtumie kengele ya simu. Bila kengele, lugha inayojulikana zaidi kati yenu huimeza nyingine. Hakuna anayekusudia iwe hivyo. Mtu hukimbilia pale anapoeleweka, basi. Kila kikao mbadilishe lugha ya kuanzia, kwa sababu nusu ya pili hukuta watu wamechoka, na si haki uchovu uangukie lugha moja kila wiki.

Kubalianeni pia kuhusu saa ya kukutana, na hapa anayefundisha Kiswahili awe macho. Niliwahi kumwandikia mwenzangu "tukutane saa nne usiku". Akaelewa saa kumi alfajiri, akaamka kwenye baridi akanisubiri, nami nimelala fofofo. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapozama, na lugha nyingi hazihesabu hivyo. Mfundishane hesabu zote mbili, lakini miadi yenyewe iandikeni kwa tarakimu za saa 24, mkitaja na mahali: 22:00 ya kwako, kadhaa ya kwake.

Sharti la tatu ni masahihisho. Muulize mwenzako waziwazi: nikukatize ukikosea, au ningoje umalize? Niandike, au niseme? Wako wanaoona kukatizwa ni kusaidiwa, na wako wanaoona ni kuaibishwa. Jibu huwezi kulikisia kutokana na anakotoka. Uliza.

Hatua ya 3: Somo la kwanza lisiwe la sarufi

Peaneni sentensi za kuokolea jahazi, kila mmoja katika lugha ya mwenzake, na mzirudie hadi zitoke bila kufikiri:

Sijaelewa.
Rudia polepole, tafadhali.
Hiki kinaitwaje?
Unasemaje ukitaka...?
Nimekosea wapi?

Kwa sentensi hizi mtu anaweza kubaki ndani ya lugha ngeni hata akikwama. Asipokuwa nazo, kila akikwama atatoka nje, na kurudi ni kazi.

Baada ya hapo fanyeni amri za vitendo. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, alilijaribu jambo hili miaka ya 1960 kwa kutumia Kijapani: mwalimu anaamuru, mwanafunzi anatenda bila kulazimishwa kusema. Simama. Kaa. Chukua kalamu. Weka kalamu chini ya kitabu. Mpe mwenzako kitabu. Dakika kumi za namna hii hufundisha vitenzi kumi na kuondoa woga, hata kwenye video. Mwanafunzi akishatenda bila kusita, mpeni zamu ya kuamuru.

Hatua ya 4: Ukiulizwa usilolijua, usibuni

Nirudi kwa "mbwa yangu". Nilipogundua nimempotosha, nilimwomba radhi, kisha tukafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Tulichora mistari miwili kwenye karatasi. Mimi nikawa natamka tu, kwa sauti, bila kufikiria kanuni, naye anaandika pale sikio langu linapokubali. Upande mmoja tukapata baba yangu, mama yangu, dada yangu, rafiki yangu, jirani yangu, ndugu yangu, adui yangu. Upande wa pili mtoto wangu, mgeni wangu, mke wangu, na kisha daktari wangu, kiongozi wangu, mbwa wangu, ng'ombe wangu.

Yeye ndiye aliyeliona, si mimi. Alisema upande wa kwanza wote ni uhusiano: kila neno linamtaja mtu kwa jinsi alivyo kwako. Daktari ni daktari hata usipomjua, lakini hakuna adui asiye adui wa mtu. Maneno ya uhusiano yasiyo na m- ya namna ile huchukua "yangu", na wengine wenye uhai huchukua "wangu". Tena uhusiano huo unagusa kimilikishi tu, yaani "yangu" yenyewe, ndiyo maana tunasema "rafiki yangu mzuri amefika", na "mzuri" na "amefika" zikabaki vilevile.

Wewe uliyezaliwa na lugha una sikio, na kanuni huna. Sikio ndilo lenye thamani zaidi, basi litumie. Mtu akikuuliza "kwa nini", mwambie "sijui bado, tukusanye mifano". Toa sentensi kumi, zisemeni, zipangeni. Mkipata kanuni, ijaribuni kwa maneno matano mapya kabla hamjaiamini. Nawe ukimuuliza yeye kuhusu lugha yake, omba mifano kumi badala ya maelezo. Maelezo ya papo kwa papo ya mzawa huwa na makosa kama yangu yalivyokuwa, ila mifano yake mara chache hukosea.

Hatua ya 5: Sahihisha machache, na uyasome

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tunapomsahihisha mgeni, wengi wetu hurudia sentensi yake ikiwa sahihi na kuendelea. Anasema "Leo ninavaa shati jeupe", tunajibu "Aa, umevaa shati jeupe?", naye anasema "Ndiyo" na kusonga mbele. Hakusikia kwamba amesahihishwa. Alisikia swali kuhusu shati. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha utafiti walioufanya katika madarasa ya watoto wanaofundishwa kwa Kifaransa nchini Kanada. Zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya namna hii, na ndiyo yaliyowafanya wanafunzi waitikie kosa lao kwa uchache zaidi. Yaliyofanya kazi vizuri zaidi ni yale yaliyomsukuma mwanafunzi ajirekebishe mwenyewe.

Basi badala ya kumpa jibu, rudia hadi pale alipokosea na unyamaze: "Leo ni...?" Au muulize: "Unalivaa sasa hivi, au tayari liko mwilini?" Mpe nafasi alitafute. Akishindwa, mpe, naye aliseme mara mbili katika sentensi mbili tofauti.

Chagua makosa matatu kwa nusu saa, yasizidi. Kwanza yale yanayoficha maana, kisha yale yanayojirudia. Mengine yaache yapite, maana mtu anayesahihishwa kila neno hunyamaza, na aliyenyamaza hana cha kusahihishwa.

Sasa daftari. Gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza: alivyosema. Ya pili: tunavyosema. Ya tatu muulize: "Kwenye lugha yako ungesemaje?" na uandike neno kwa neno. Safu ya tatu ndiyo darasa lako wewe.

Tazama mifano. Mzungumzaji wa Kiingereza anasema "ninavaa shati" akimaanisha amelivaa, kwa sababu lugha yake hutumia umbo la kitendo kinachoendelea, "I am wearing", hata kwa aliyekwisha kulivaa. Ukiliandika hilo, nawe unajua usimwambie kwa Kiingereza "I have worn" kwa kufuata "me" ya "nimevaa" uliyoizoea. Huyohuyo anasema "mimi ni njaa", maana Kiingereza humfanya mtu *awe* na sifa ya njaa. Mfaransa hasemi hivyo. Atasema "nina njaa", "nina kiu", "nina miaka thelathini" bila kufundishwa, kwa kuwa Kifaransa nacho hutumia kitenzi cha kuwa na kitu katika zote tatu. Asipokosea mahali ambapo wengine hukosea, andika pia: umepata mlango ulio wazi kati ya lugha mbili, pita humo.

Yeye naye afanye hivyo kwa makosa yako. Mswahili anayejifunza Kiingereza husimulia habari za dada yake na katikati akamgeuza mwanamume, kwa sababu "yeye" wetu hana jinsia. Hayo ni makosa, ndiyo, lakini kwa mwenzako anayejifunza Kiswahili ni habari njema: amegundua kwamba kwetu hatahangaika na jambo hilo kamwe.

Hatua ya 6: Matamshi huanzia sikioni

Mwenzangu alinieleza siku moja kwamba amenunua karamu mbili, moja nyeusi na moja nyekundu. Kijapani kina sauti moja tu katika eneo ambalo sisi tuna r na l, na sikio lake halikuwa na sababu ya kuzitenga. Kumwambia "sema l, sema l" hakukusaidia kitu. Kilichosaidia ni kumfanya asikie kwanza.

Tafuteni jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari. Wenye shida ya th na dh wape thamani na samani, dhana na zana. Mwarabu huenda asizihitaji hizo, kwa kuwa Kiarabu sanifu kina sauti zote hizo, ila huenda p ikawa b mdomoni mwake, na "pata" ikageuka "bata". Taja neno moja la jozi, naye aoneshe kidole kimoja au viwili. Mara kumi kila kikao. Akipata tisa kati ya kumi, ndipo aanze kutamka, nawe uoneshe vidole ulivyosikia. Usimwonee huruma: ukisikia karamu, onesha karamu.

Anayeshindwa ng' ya mwanzo wa neno, mwambie atamke "sing" ya Kiingereza aburute mwisho wake, kisha aanze "-ombe" kutoka hapo bila kuachia ulimi.

Wewe nawe dai jozi zako. Mfaransa akupe "rue" na "roue", barabara na gurudumu. Mchina akupe silabi "ma" kwa toni nne, na mrekodi, maana toni husahaulika kabla hujafika nyumbani.

Hatua ya 7: Jifunzeni kunyamaza, kukataa na kuomba

Maneno yanaweza kuwa sahihi yote na bado watu wasielewane. Nilimweleza mwenzangu jambo kwa dakika nzima kumi, naye akiitikia "hai, hai". Kamusi inasema "hai" ni ndiyo. Nikadhani amekubali, kumbe alikuwa ananionesha kwamba ananisikia, kama "ehee" yetu. Nusu ya maneno hakuwa ameyafahamu. Tangu siku hiyo simuulizi tena "umeelewa?" bali nasema "hebu nieleze mimi sasa."

Ukimya una kipimo chake. Utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba kati ya swali na jibu hupita, kwa wastani, kama sehemu ya tano ya sekunde. Hiyo ndiyo kasi ya wazawa, na anayejifunza hawezi kuifikia. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya Marekani, aligundua kwamba walimu walikuwa wakingoja kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakingoja tatu au zaidi majibu ya wanafunzi yalirefuka. Hesabu moyoni hadi tano. Ni ndefu kuliko unavyodhani, na mwenzako yuko kazini katika kila sekunde.

Kisha fanyeni zoezi hili. Chagueni hali moja: umealikwa na huwezi kwenda. Kila mmoja akatae kwa lugha yake, kama angefanya kweli, na mrekodi. Sikilizeni na mhesabu maneno mangapi yamepita kabla kukataa hakujaonekana, na kama kumeonekana kabisa. Mjapani anaweza kusema "kesho ni chotto...", yaani "kesho ni kidogo...", na kuiacha sentensi ikining'inia. Imekwisha hapo, amekataa. Sisi nasi tuna "nitajitahidi", na mgeni asipoambiwa ataweka kiti cha ziada. Rudieni zoezi kwa kuomba radhi, kuomba msaada, kusifia.

"Pole" ipe kikao chake peke yake. Mwenzako akijikwaa ukamwambia "sorry" kwa Kiingereza, atakujibu si kosa lako, maana kwake neno hilo hukaribia kukiri. Mueleze kwamba pole ni kumshika mkono mtu aliyefikwa na jambo, na mtafute pamoja lugha yake hufanya nini mahali hapo. Huenda haisemi kitu. Hilo nalo andika.

Kuhusu heshima, muulize mapema. Kwa Mfaransa, kwa mfano: nikuite "tu", yaani "wewe" ya watu wa karibu, au "vous", ile ya heshima? Wakorea huulizana umri mwanzoni mwa urafiki kwa sababu hata mwisho wa kitenzi huutegemea. Mgeni akikuuliza una miaka mingapi, usikasirike, anatafuta sarufi.

Hatua ya 8: Kati ya kikao na kikao

Hermann Ebbinghaus alionesha tangu mwaka 1885 kwamba kilichosomwa mara moja huvuja haraka siku za mwanzo, na kukirudia kwa vipindi hukishikilia. Chukua yale makosa matatu, yageuze kuwa kadi tatu zenye sentensi nzima, na uzipitie kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Tumianeni ujumbe wa sauti wa dakika moja katikati ya wiki, kila mmoja kwa lugha anayojifunza. Inatosha.

Hatua ya 9: Baada ya wiki 12

Siku ya kwanza kabisa kila mmoja ajirekodi dakika tatu akisimulia jambo moja, kwa mfano safari aliyoikumbuka. Itunzeni bila kuisikiliza. Wiki ya 12 simulieni jambo lilelile, kisha mzisikilize zote mbili pamoja. Msitafute lafudhi. Angalieni mapumziko yanaangukia wapi, kati ya sentensi na sentensi au katikati ya neno; mara ngapi mtu ametoroka kwenye lugha nyingine; na kama yale makosa ya safu ya kwanza bado yapo.

Hapo ndipo pa kuulizana kama mnaendelea. Ikiwa nusu saa ya mmoja wenu imekuwa ikiliwa kila wiki, semeni leo, huku rekodi ziko mezani, na mpange upya dakika. Ikiwa mmoja amefika alikokutaka, aage kwa lugha ya mwenzake, naye mwenzake amsahihishe mara ya mwisho.